Chupa ya Lita Moja

Mpaka leo, harufu ya petroli ikinifikia kituoni, mdomo huanza kuhesabu wenyewe: saba, nane, tisa.

Ilikuwa miaka ya vita, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi. Tulikaa Gurei, na bunduki za upande wa Bilpam, kwenye kambi ya jeshi, zilikuwa zimetuzoesha kulala sakafuni. Baba, fundi wa magari aliyejifunza kazi ukimbizini Uganda, alikuwa na gari dogo kuukuu na lita ishirini na mbili za petroli ya safari, mbali na kidogo ya kujaribia. Nimule, mpakani na Uganda, tulikotaka kukimbilia, ni karibu kilomita mia mbili.

Alifunga chupa ya lita moja kando ya kioo cha mbele, akapitisha mpira hadi kwenye kabureta, tuone lita hiyo ingetufikisha wapi. Bibi yangu, tuliyemwita haboba, alicheka mpaka akakaa chini. "Gari gani, arabiya gani hii inanyonya chupa kama mtoto?"

Baba hakucheka. Aliniita kando. "Kama inatoa kilomita tisa, haboba iko pamoja na sisi. Kama ni nane, yeye atabaki kwa jirani kwanza."

Jirani mwenyewe alikuwa anafunga mizigo.

Tulipakia vyote vya safari, pamoja na sanduku la spana la Baba, na magunia ya mchanga yenye uzito wetu badala ya watu. Gunia la haboba lilikuwa nyuma yangu. Kazi yangu ilikuwa kusoma mita ya kilomita. Injini ilipokohoa na kuzima, Baba alishuka kuchomoa mpira.

"Ngapi?"

Mita ilisema nane. Nikasema, "Tisa."

Aliniangalia mimi, hakuangalia mita. Kesho yake alitoka tena na chupa na magunia, peke yake. Nilimngoja mlangoni hadi aliporudi. Alimwambia tu haboba afunge nguo zake.

Njia nzima nilikuwa na hakika nimetuua sote. Kila injini ilipobadili sauti nilimshika haboba mkono. Baba aliendesha polepole mno, na tukaingia Nimule mshale wa mafuta umelala kabisa. Nililia, wakadhani ni uchovu.

Ndipo Mama alipouliza sanduku la spana liko wapi, lile la chuma lililowatoa jasho wanaume wawili.

"Nimesahau," Baba alisema.

Kambini Uganda, bila spana zake, alilima mashamba ya watu, miaka mingi, na mimi nikimlaumu moyoni kwa usahaulifu wake. Nilikuwa na gari langu mwenyewe nilipoelewa jinsi uzito unavyokula mafuta. Baba hakuwahi kusahau hata nati moja.