Vitambaa Vyekundu Shambani kwa Baba Mkubwa

Chekeni sasa hivi mmalize, maana mie mwenyewe nikiikumbuka siku ile ya Kimbiji huwa nafunika uso kwa mto.

Mchumba wangu Zuhura alitaka picha za harusi zipigwe shambani kwao, kwenye minazi na ule ukijani ambao sisi wa Sinza tunauona kwenye kalenda tu. Posa yenyewe ilikuwa haijapelekwa (barua ilikuwa iende Jumapili inayofuata), lakini picha, eti, hazisubiri, kwa hiyo nikatumwa nikatafute sehemu nzuri.

"Ukifika, piga hodi kwanza kwa baba mkubwa," Zuhura akasisitiza. "Yeye ndiye atakayepokea barua."

Mimi, msomi wa kuhoji kila kitu, nikajiuliza: tangu lini mtu akaomba ruhusa ya kutazama majani? Nikaikwepa nyumba, nikaingilia kwenye mihogo.

Na pazuri kweli, sikatai. Kuna minazi imeinama kama imezaliwa ikisubiri kamera, kuna kibwawa kimejaa mayungiyungi, kuna mwinuko ambao ukisimama juu unaiona bahari. Ili mpiga picha asije kupoteza muda, nikapata wazo la kisomi: nikakata vijiti, nikavifunga vitambaa vyekundu, nikachomeka kila palipovutia. Kisha nikasimamisha stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, nikafumba jicho moja, nikachungulia huku nimenyoosha mkono kuelekea mpakani.

Mliokaa Kigamboni, iliko hiyo Kimbiji, mmeshashika vichwa. Huko kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu wawili, na watu wameshaamka wakakuta vigingi katikati ya mihogo yao.

Mama mmoja akatupa jembe, akapiga yowe: "Jamani, wapimaji wamerudi!"

Sijui walitokea wapi watu wote wale walionizunguka.

"Kakutuma nani?"

"Napiga picha tu, mama."

"Picha za mihogo? Mihogo ina sura gani?"

Nikaanza kuwaeleza habari za mwanga na mandhari, nikaongeza kwamba nimesoma chuo kikuu, sentensi iliyowaondolea shaka yote kwamba mimi ni tapeli.

Akaja mzee mmoja, kanzu kaikunja kiunoni, panga mkononi. Watu wakampisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekumbuka kuamkia baada ya kuchomeka?"

Nikaona bora nijiokoe. "Mimi ni mchumba wa Zuhura."

Kijana mmoja akapasuka: "Posa hajaleta, shamba keshaligawa!" Watu wakaangua kicheko, ila mzee hakucheka, kwa sababu (mmeshamjua) ndiye alikuwa baba mkubwa. Akatoa simu, akaweka spika.

"Zuhura mwanangu, kuna kijana huku na vijiti vyake, anasema mchumba wako."

"Alipiga hodi, baba?"

"Hakupiga."

"Basi simjui."

Niling'oa kijiti kimoja kimoja huku umati ukinifuata na kunionyesha nilivyosahau. Barua ya posa ilikaa kwa mshenga mpaka mihogo ile ikavunwa, na ilipokubaliwa ilikuja na sharti: kamera isikanyage lile shamba. Tukapiga picha za harusi studio, Kinondoni, nyuma yetu pazia lililochorwa minazi, Zuhura kanuna katika kila picha. Fundi alipouliza kama ningependa kuona mapazia mengine kwanza, nilimjibu haraka: weka lolote, braza, mie kuchagua mandhari nimeacha.