Kumsindikiza Mama Mkwe kwa Treni

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumapili, kengele ya mlango ililia na mpango wangu ukaanza kuharibika.

Mama mkwe alikuwa anarudi Tanga siku ile. Alikuwa amekaa nasi Rayners Lane, pembezoni mwa London, miezi sita kasoro siku moja, na viza yake ilikuwa inaisha kesho yake. Ndege ilikuwa saa tisa alasiri, kaunta ya mizigo ikifungwa saa nane kamili. Akiikosa, ndege nyingine ilikuwa baada ya siku tatu, naye atakuwa amepitisha muda wa viza, na wanaopitisha muda hujibiwa vibaya wanapoomba tena. Mwaka unaofuata binti yetu alikuwa aolewe hapa London, na bibi yake alikuwa ameshashona nguo. Kwa hiyo nilikuwa nimepanga kila kitu: mimi, mke wangu na yeye, tutoke saa tano, tubadilishe treni mara moja tu.

Mlangoni walisimama akina mama watatu kutoka Woolwich, upande wa pili wa London. Walikuwa wameamka alfajiri kuja kumsindikiza. Nikawashukuru. Nusu saa baadaye wakaja wengine kutoka Neasden, na kufikia saa tano sebule ilijaa wasindikizaji tisa. Chai ikachemshwa upya. Nilipotaja saa niliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba mgeni hafukuzwi.

Tulifika kituoni saa sita na robo. Nilidhani tutaagana kwenye geti, kama wafanyavyo watu wa mji huu. Lakini kwetu kumuaga mgeni mlangoni ni karibu sawa na kumsukuma nje. Wote tisa waligusisha kadi zao za nauli getini, wakapita mmoja mmoja, wakashuka nasi hadi jukwaani. Nilijaribu kuwaeleza kwamba ukiingia na kutokea kituo kilekile bila kusafiri, mashine hukukata nauli vilevile. Mmoja wao, muuguzi Mkenya, akanijibu, “Shemeji, hata harusini kwako ulihesabu sahani.” Wakacheka wote, mke wangu akiwemo.

Treni zilikuwa chache. Wikendi ile walikuwa wakifunga mitambo mipya ya kuongozea treni, na nilijua, kwa sababu kwa miaka mingi nimesoma kila nilichokipata kuhusu reli hii ya chini ya ardhi. Mama mkwe akauliza vipi nchi tajiri hivi ishindwe kuleta treni. Nikamwambia kwamba ubaya wa reli hii ni kuwa ya kwanza duniani. Sehemu za kwanza zilichimbwa kwa kupasua barabara, kulaza reli na kufunika juu, na treni zilikuwa za mvuke, moshi wote humohumo chini. Baadaye zikaja kampuni zinazoshindana, kila moja ikachimba handaki lake refu na jembamba bila kujali la jirani. Leo warithi wanataka kutia mitambo ya kisasa ndani ya mashimo ya mababu, na abiria hawataki treni zisimame hata siku moja. Ni kutengeneza injini ya lori huku lori linateremka mlima.

“Baba,” akasema, “umeeleza vizuri. Treni iko wapi?”

Ikaja. Nikapandisha masanduku mawili, mke wangu akapanda kuyalinda, nami nikashuka kumshika mama mkono. Nikamkuta katikati ya duara. Wanawake wote walikuwa wameinua viganja, macho chini, na mkubwa wao alikuwa ameanza dua ya safari. Si dua fupi. Aliwaombea marehemu, wagonjwa, rubani wa ndege. Nikamgusa mama mkwe kiwiko. Hakufungua macho.

“Mungu hakatizwi, baba.”

Milango ikafungwa. Mke wangu akaondoka na masanduku, kiganja chake kimebanwa kwenye kioo, na duara likaitikia amina.

Aliponipigia simu hakusalimia. Nilimwambia aende moja kwa moja uwanja wa ndege atusubiri. Treni iliyofuata ilitangazwa, ikasogezwa mbele, kisha ikafutwa kwenye ubao. Ya baada yake nayo vivyo hivyo. Akina mama hawakuondoka. Kumwacha mgeni njiani ni aibu kubwa kuliko kutomsindikiza kabisa. Saa saba ilipopita nikakubali kushindwa, tukapanda ngazi wote na kutoka kwenye geti lilelile.

Karibu na kituo kuna duka la viungo. Mwenyewe ni Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Tangu Jumatano alikuwa amejitolea kutupeleka kwa gari lake, nikamkatalia kwa hoja kwamba treni haikwami kwenye foleni. Aliponiona nimemshika mama mkwe mkono alielewa kabla sijafungua mdomo.

“Bwana reli,” alisema, akichukua funguo, “leo reli imekukataa?”

Akafunga duka mchana wa Jumapili, akiwatoa wateja waliokuwa ndani, na akina mama wote tisa wakamuaga mgeni wao mlangoni mwa gari. Foleni ilikuwepo. Nilikaa kiti cha nyuma, na wao wawili mbele wakazungumzia bei ya nazi. Tuliingia ukumbi wa uwanja wa ndege saa nane kasoro dakika nne. Mke wangu alikuwa amesimama mbele ya kaunta, sanduku moja ameshalilaza juu ya mizani ili wasiweze kufunga.

Mama mkwe alipewa kadi ya kupandia. Akaniaga kwa mikono miwili, akatabasamu.

“Umeona, baba? Dua imepokelewa.”

Wiki iliyofuata wasindikizaji wote tisa walinipigia, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua reli, kuniuliza kwa nini wamekatwa nauli na hawakwenda popote. Niliwadaia kwa shirika la reli. Baadhi walirudishiwa, wengine wakaambiwa hawakusafiri. Wale wasiorudishiwa niliwalipa mwenyewe: pauni sitini na nne na peni themanini.