Tiki Penye Hapana

Miezi miwili mizima nilikuwa nikitoka ofisi ya elimu nimevimba kwa hasira. Binti yangu anatembea kwa magongo tangu utotoni, nao wamempangia gredi ya kumi katika shule ya bweni huko Mbololo, mlimani, bweni juu, madarasa chini, katikati ngazi tupu. Nilikwenda kuiona mwenyewe. Mvua ikinyesha, mimi mzima nateleza, sembuse yeye!

Nilichotaka ni shule ya kutwa ya hapa Voi, tambarare, alale nyumbani. Basi kila nikienda: "Rudi Jumatatu, mama." Jumatatu mkubwa yuko mkutanoni. Jumatano mtandao umepotea. Nafunga duka langu la vitambaa, tunakaa kwenye benchi, yeye kando yangu, magongo mapajani. Wallahi nilichoka.

Siku hiyo nikapandisha sauti. "Kwani nyinyi hamna macho? Mtoto si huyu mnamwona!"

Karani, mwanamume mpole, akanigeuzia kompyuta. "Mama, hapa panasema mwanafunzi hana ulemavu wowote. Imetoka kwenye fomu mliyojaza nyumbani. Hii sahihi si yako?"

Ilikuwa yangu. Nikaikumbuka alasiri ile, fomu iko juu ya mkeka, shangazi wawili wa binti yangu wameniinamia. "Usiandike hayo, wifi. Wakijua watamkataa. Na kesho akija mposaji je?" Kwetu mambo kama hayo husitiriwa. Nami, mjinga mimi, nikatia tiki penye hapana, nikajiona nimemkinga mwanangu. Halafu nikasahau kabisa, nikashinda miezi miwili nikiwalaani watu wa watu.

Karani akatoa fomu nyingine. Nilishika kalamu, nikainamia karatasi.

"Lete, mama, nijaze mwenyewe," binti yangu akasema.

Akatia tiki penye ndiyo, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Akaandika sababu mistari mitatu, mwandiko mzuri kuliko wangu. Alipomaliza hakunitazama.

"Ulikuwa unanificha wapi, mama, na Voi nzima inanijua?"

Karani aliipokea fomu, akasema itaanza upya foleni, nyuma ya zote zilizotangulia, labda jibu litoke muhula wa pili. Nikafungua mdomo nimfokee, nikaufunga.