Pango Halina Mlango

Enzi zetu mtu hakuingia mahali kimya kimya. Leo kijana anafika kwa rafiki yake, anasimama nje ya geti na kuandika kwenye simu, "niko nje". Mwenzake anatoka, wanaondoka, na hakuna mzee nyumbani aliyejua ni mtoto wa nani aliyekuja. Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Mlima Elgon tulipiga hodi hata mapangoni.

Jumamosi tulikunywa uji wa wimbi, kisha tukaswaga ng'ombe hadi pangoni wakalambe chumvi ya mwamba. Ukikaribia, baridi ya pango ilikupiga magotini kabla hujaliona giza lenyewe. Ndani kulinuka kinyesi cha popo, na viroboto walitupanda bila kubagua. Tulikwangua ukuta kwa kipande cha jembe bovu, tukalamba chumvi bega kwa bega na ndama, na hatukuugua. Watoto wa siku hizi wakiangusha biskuti sakafuni wanaitazama kama nyoka.

Nyanya yangu Chemutai alizaliwa ndani ya pango hilo, wakati familia nzima zilipolala humo, watu na mifugo wakitengwa na ukuta wa fito tu. Alikuwa na sheria moja. Usiingie kabla ya kusimama kwenye mdomo wa pango, ukataja kwa sauti jina lako na la mzazi wako, kisha ukangoja sauti irudi.

"Pango halina mlango," alituambia. "Mlango ni sauti yako."

Binamu yangu Ngeywo aliwahi kuipuuza sheria hiyo, akakutana na nyati aliyekuja kulamba chumvi. Alitoka mbio, kaptula ikabaki kwenye miiba. Nyanya hakumpa pole. "Sasa huyo nyati angejuaje wewe ni mtoto wa nani?"

Kwa miaka mingi niliamini desturi hiyo ni ya mlimani kwetu pekee. Nilibadili mawazo tulipofungiwa kwa sababu ya korona, hapa ughaibuni, katika kitongoji cha Auburn.

Jirani yangu Azad ni Mkurdi, nami nafanya naye kazi katika ghala moja mtaa wa Wetherill Park. Aliishi na mama yake, Mama Gule, ambaye macho yake yalikuwa yakififia. Mama huyo alizaliwa majira ya baridi katika pango la Shanidar, kwenye milima ya Kikurdi, kwa sababu wafugaji wa kwao walihamia humo na mbuzi theluji ilipoanguka. Vitabu nilivyosoma vinalisifu pango hilo kwa mifupa ya watu wa kale. Kwake lilikuwa nyumbani. Azad alikuwa ameshakata tiketi za kumpeleka alione kabla macho hayajazimika, kisha mipaka ikafungwa na macho hayakungoja.

Ikabaki simu. Nasrin, mpwa wa Mama Gule aliyebaki kule, alikubali kupanda hadi pangoni na kuwaonyesha. Siku hiyo Azad aliniita nisimame upande wangu wa uzio, barakoa usoni. Binti yangu Chebet alinifuata. Alinieleza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba picha za pango hilo zimejaa mtandaoni na safari yote hiyo haina haja.

Kwenye kioo cha simu ukatokea mdomo mkubwa wa mwamba. Mama Gule alikisogeza hadi kikagusa pua.

"Naona moshi tu," alisema, na Azad akatutafsiria.

"Ngoja niingie ndani, shangazi," Nasrin akasema, akaanza kutembea.

Mama Gule alifoka hadi Azad akashtuka. "Simama hapo! Unaingia kama mbuzi? Hujasema wewe ni nani!"

"Shangazi, hakuna mtu humu. Hata watalii wamekimbia korona."

"Kwani nimekuuliza kuna nani? Waambie nimekuja."

Niliushika uzio. Hayo yalikuwa maneno ya nyanya yangu, kutoka kwenye kinywa cha mwanamke ambaye hakuwahi kumwona mtu wa Elgon kabla yangu.

Nasrin alicheka, kisha akaacha. Akainua simu juu na kuita kwa nguvu: "Gule, binti wa Hesen!"

Pango likajibu. Hesen, likasema, kisha tena kwa mbali, Hesen. Mama Gule alikuwa ameshafumba macho. Nasrin alipopiga hatua chache ndani mtandao ulikatika, na Azad akaanza kuhangaika na vitufe.

"Acha, mwanangu," mama akamwambia. "Nimeshaingia."

Jioni nilimweleza Chebet habari za nyanya na nyati. Kesho yake alipotoka dukani, ufunguo mkononi, alisimama nje ya mlango na kuita kwa Kiswahili chake cha kubabaisha: "Hodi! Chebet, mtoto wa Kiprop!"

Enzi zetu mwamba wenyewe ndio uliotuitikia, na mtoto alikua akijua kwamba mahali alipotoka pamemsikia. Nyumba yetu ya Auburn ni ya mbao na bodi za jipsamu, hairudishi sauti. Nikaweka kikombe chini, nikaitikia mimi.