Siku Tuliyoshua Kitabu

Neno nililichagua mimi, na mpaka leo naliona zuri.

Kitabu kilikuwa kimekamilika, kitabu kikubwa cha wasomi kuhusu Korona na jinsi ilivyoupiga mwambao wetu, kuanzia mahoteli ya mjini mpaka mitego ya samaki ya visiwa vya huku juu. Mwandishi wake ni mwalimu wa chuo kikuu, mama mmoja mzaliwa wa bara, mcheshi, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Sisi tulimwita Bi Daktari, na kila mara ilibidi tueleze kwamba ni daktari wa kusoma, si wa sindano. Alikuwa amekwisha kukizindua mjini Lamu, ukumbini, kwa maua na chupa za maji. Lakini maneno mengi ya mle ndani aliyachota kwetu Mbwajumali, akaona si adabu kutuacha nje. Alipokuwa akifanya utafiti alilala nyumbani kwetu na akazoea chai yangu ya tangawizi, kwa hiyo akanipigia mimi akaniomba niwaalike watu.

Sasa, uzinduzi. Kwetu anayezinduliwa ni mtu aliyezimia. Nikafikiri, nikisema Jumamosi tunazindua, kuna watakaokuja na ndoo za maji. Nikatafuta neno la nyumbani. Chombo kipya kikitoka mikononi mwa fundi hushuliwa. Watu huitwa, dua husomwa, kamba hufungwa, wanaume huvuta, wanawake hupiga vigelegele, chombo kikaingia majini. Na kitabu si ndivyo? Kimeundwa muda mrefu nchi kavu, sasa chaenda kwa watu. Nilifurahi, nikajiona na mimi siku moja nimevaa miwani, nashua changu. Nikatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la kijiji: Jumamosi baada ya adhuhuri, inshallah, nyote mwaalikwa, twashua kitabu cha Bi Daktari.

Lakini mtandao wetu unajulikana. Wengi waliisikia imekatika katikati: twashua, halafu mkwaruzo, halafu cha Bi Daktari.

Nyumbani aliyeisikia yote, tena mara nyingi, ni nyanya yangu. Kitabu kile yeye alikingoja kuliko mwandishi wake.

Ilikuwa hivi. Babu yangu alishikwa na Korona wakati ule safari zimezuiwa na watu wanaogopana. Alichukuliwa kwa boti kutoka gati la Mtangawanda kupelekwa hospitali mjini, na hakuruhusiwa mtu kumfuata. Nyanya alisimama gatini amefunga barakoa juu ya buibui, akampungia mkono, babu naye akampungia. Hakurudi. Alizikwa huko huko na watu waliovaa nguo nyeupe mwili mzima, hata macho yao hayakuonekana vizuri.

Na walikuwa wamenuniana. Wiki ile babu aliwachinjia wageni wake kuku wa nyanya, tetea mwekundu aliyekuwa akitaga vizuri, bila kumuuliza. Nyanya akamnyima maneno. Alikuwa akimpakulia chakula akimtazama mwingine. Kisha homa ikaja, kisha boti, na wale wawili hawakupeana radhi.

Kwetu radhi si jambo la kupita. Mtu akienda Hija huomba radhi nyumba kwa nyumba. Mwanamke akikaribia kujifungua huomba radhi kwa mumewe. Na mgonjwa akizidiwa, mume na mke husameheana yote, la wazi na la siri, kila mmoja akaondoka hana dai kwa mwenzake. Nyanya alikaa eda yake yote akiwa na lile jambo kifuani. Bi Daktari alipokuja na kinasa sauti chake, nyanya akamweleza mambo ya bei ya unga na kufungwa kwa madrasa, alivyoulizwa, halafu akasema na lake. Akasema, hatukupeana radhi, lakini mimi niko radhi naye, na namuomba Mungu naye awe radhi nami.

Halafu akauliza, "Hicho kitabu chako kitafika wapi?"

"Popote, nyanya," Bi Daktari alimjibu. "Hakitauzwa. Kitakuwa wazi, mtu yeyote duniani atakifungua asome."

"Hata Maka?"

"Hata Maka."

Basi. Tangu siku hiyo nyanya aliishi na imani kwamba radhi yake iko safarini.

Jumamosi ikafika. Bi Daktari alishuka Mtangawanda akaletwa kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi, mkoba wake wa kompyuta ameukumbatia kama mtoto. Tulitandika mikeka kwenye ua wa madrasa. Nilitegemea watu wachache, wale wa kamati na wale wasiokosa mahali. Kikaja kijiji kizima. Wanaume wamevaa vikoi vya kazi na si kanzu, na wawili walikuwa na kamba nene begani. Mbele yao fundi wa vyombo, mzee mwenye maneno, ambaye ni jirani yetu ukuta kwa ukuta.

"Haya," akasema, "chombo kiko wapi?"

"Si chombo, Bwana Fundi. Ni kitabu."

Akanitazama, akautazama ule umati nyuma yake. "Kitabu. Kizito kiyasi gani kutaka watu wote hawa?"

Watu wakacheka. Mjomba wangu, mmoja wa wale wenye kamba, hakucheka sana kwa sababu alikuwa ameacha shamba. "Haya, hicho kitabu tukione basi."

Bi Daktari akasimama akaeleza vizuri. Akasema kitabu hiki hakikuchapishwa kwa karatasi, kiko mtandaoni, ili kila mtu akipate bila kulipa.

"Kwa hivyo hakiko," mjomba akasema.

"Kiko. Ila huwezi kukishika."

"Hakishikiki, hakionekani, na twaitwa kukivuta. Bi Daktari, mimi nimevuta majahazi. Pepo siyavuta bado."

Hapo shangazi yangu akanivuta pembeni kwa ukosi. Yeye alikuwa na shida kubwa zaidi. "We mwana, umewambia watu washua, na mtele hukuweka? Ushaona wapi watu washua na ndaa?"

Kusema kweli mchele sikuwa nimeufikiria, wala njaa ya watu. Nilikuwa nimekaanga viazi vya karai vya kutosha kamati. Lakini neno limekwisha kutoka, na kushua bila pilau hakuna, hata kama kinachoshuliwa ni hewa. Nikamwona shangazi anapita mlango kwa mlango, na kila mlango ukatoa kitu: huyu mchele, huyu vitunguu, yule nazi, na fundi mwenyewe akatuma mbuzi wake akisema amechoka kumfukuza kwenye mbao zake. Bi Daktari alitaka kulipia, akakemewa. Masufuria yakapandishwa nyuma ya madrasa, sisi huku mbele tukaendelea na elimu.

Kitabu nilikuwa nimekwisha kukivuta kwenye simu yangu nilipokuwa Faza, ambako mtandao una nguvu. Bi Daktari akawaeleza vijana wanavyoweza kukitoa kwangu, simu kwa simu. Alitumia Kiswahili chake kile cha shuleni, akainua mikono akasema, "Sasa basi, karibuni nyote, kila mtu apakue."

Harufu ya pilau ilikuwa imeshaanza kufika. Safu nzima ya akina mama wazee ikanyanyuka, wakaelekea kwenye masufuria na sahani zao.

Shangazi akawarudisha kwa mwiko. "Bado hakijaiva. Huyo apakua vitabu." Bi Daktari alicheka mpaka akakaa chini, na nadhani hapo ndipo watu walipoanza kumpenda. Vijana wakaja kwangu mmoja mmoja, kitabu kikawa kinaruka kutoka simu hadi simu, na kila kilipofika fundi alipiga ukelele wa wavutaji, watu wakamwitikia. Wale wa kamba wakazitandika chini wakazikalia. Ilikuwa kelele ya furaha tupu, na mimi nilikuwa katikati yake nikijisemea kwamba ukumbi wa mjini haukupata hata robo ya hii.

Nyanya alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, buibui lake jipya, mikono mapajani. Alikuwa hajacheka hata moja.

"Haya sasa," akasema. "Someni pangu."

Vijana wakashusha simu zao. Kila mtu pale alijua habari ya kuku.

Bi Daktari akautafuta ukurasa kwenye kompyuta, akanikabidhi nisome nikifasiri, kwa kuwa kitabu kilikuwa cha Kiingereza na nyanya alitaka kusikia kwa kinywa cha nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, Kiingereza changu ni cha kuulizia njia, lakini pale palikuwa pepesi. Palisema kwamba mjane mmoja wa visiwa vya kaskazini alieleza huzuni yake kwa kukosa nafasi ya kumuaga mumewe. Nikafasiri hivyo hivyo. Nikatazama chini nione kama kuna zaidi. Aya iliyofuata ilikuwa ya bei ya mafuta ya boti.

Nyanya akangoja. "Endelea."

"Pameishia hapo, nyanya."

"Hapo ni pa mtu mngine," akasema. "Nitafutia pangu."

"Ndipo pako."

"Sipo." Hakupandisha sauti. "Kuagana twaliagana. Nalimpungia mkono naye akanipungia, watu wote wa gatini walitwona. Wala sikukosa kumuaga. Nalikosa radhi yake. Iko wapi radhi?"

Nikasoma tena kimoyomoyo, nikitumaini neno limejificha mahali. Halikuwepo. Bi Daktari alikuwa ameinama juu ya bega langu, nikamwona shingo inageuka rangi. Akaeleza, taratibu, kwamba kanda zilikuwa nyingi, akampa mtu mwingine huko bara azifasiri, na mtu yule huenda alilisikia neno akaona kuagana kunatosha. Yeye alipolisoma hakushtuka. Kwa Kiingereza lilipendeza.

Mjomba akajaribu kupoza. "Mamaangu, si karibu ni kitu kimoya tu? Kuaga, radhi..."

"We ukinichukulia kuku wangu halafu ukanipungia mkono, ni moya?"

Watu wakacheka kidogo wakanyamaza upesi, maana nyanya alikuwa ameshika ncha ya buibui anaizungusha kidoleni, na mimi namjua. Hivyo ndivyo anavyozuia machozi. Nilikuwa nimemwambia tangu mwezi uliopita kwamba radhi yake imo, hali nilikuwa sijaufungua ukurasa ule. Niliamini tu, kama yeye.

Bi Daktari akaiacha kompyuta. Akaja akapiga magoti mkekani mbele ya kile kiti cha plastiki, vumbi lake la bodaboda na vyote, akasema, "Nyanya, niambie upya. Polepole. Nitaandika neno kwa neno."

Nyanya akamwambia. Mbele ya kijiji kizima akasema habari ya tetea mwekundu, na chakula alichompakulia akitazama pembeni, na boti. Kisha akasema kwamba yeye yu radhi na mumewe, kwa kuku na kwa mengine yote ya maisha yao, na anaomba mumewe pia awe radhi naye. Wanaume waliokuwa na kamba wakaitikia amina, na nyuma yao akina mama, mwiko wa shangazi umesimama hewani.

"Hiki kitabu si karatasi," Bi Daktari akamwambia. "Kingekuwa karatasi tungechelewa. Hiki chaweza kusahihishwa. Nitawaandikia wachapishaji, na neno radhi litakaa kama lilivyo. Halitafasiriwa. Litaelezwa chini ya ukurasa."

"Lini?"

"Siwezi kukuahidi siku. Nitawasumbua."

Nyanya akafikiri. "Basi hakiyashuliwa bado," akatangaza. "Kuleni, msingoje kipowe."

Tukala. Ilikuwa pilau nzuri, ya mchele wa aina nyingi, baadhi ya punje laini na baadhi ngumu kidogo. Bi Daktari alikula kwenye sahani moja na nyanya, ambaye alikuwa akimsukumia nyama upande wake bila kumtazama, nikajua amemsamehe nusu.

Zikapita wiki. Kila niliporudi kutoka Faza nyanya aliniuliza kwa nyusi tu, nami nikatikisa kichwa. Nikaanza kuona haya kwenda. Kisha asubuhi moja, nikiwa Faza kwenye foleni ya gesi, ujumbe ukaingia: toleo limesahihishwa, fungua ukurasa ule ule. Nilikivuta pale pale nimesimama, mtungi kati ya miguu, nikapanda bodaboda nikamwambia dereva asiogope mashimo.

Nilimkuta jikoni kwenye mbuzi ya nazi, anakuna. Nikakaa juu ya mtungi. Nikataka kumfasiria, akanizuia kwa kiganja chenye nazi.

"Nisomea kilivyo. Kwa lugha yao."

"Hutaelewa, nyanya."

"Soma."

Nikasoma. Kiingereza kilimpita usoni kama upepo wa feni, uso hautikisiki, mkono umetulia juu ya kifuu. Sentensi ilikuwa ndefu. Nilikwama mahali pawili nikajikwamua. Kisha katikati ya maneno yote yale ya watu, likatokea, halina nguo ya kigeni, limekaa vile vile alivyolitamka: radhi. Likaja tena kabla ya nukta, maana alilisema mara mbili, lake na la babu.

Nyanya akafumba macho.

"Hapo," akasema. "Rudia. Anza mbali kidogo, ulikute."