Ndengu Zilizoota kwa Tangi ya Mwongeli

Jameni, tumbawe la Mwongeli limefunguka tena! Ukipita saluni yake hapa Kikima utaliona kwa tangi ya maji ya chumvi, kando ya draya, limejitandaza kama ua la zambarau. Na tulikuwa tushalilia.

Mwongeli ni msusi. Kufuga samaki wa bahari amejifunza kwa simu, akiwa huku milimani Mbooni. Maji anachanganya mwenyewe: ya mvua kutoka kwa mabati, na chumvi anayotumiwa kutoka Mombasa.

Sasa mama mkwe wake, Ndululu, akaja kutoka Nuu na gunia la ndengu. Huyo mama hajui kukaa bure. Alikuwa anachambulia ndengu kwa uteo hapo karibu na tangi, akipiga stori na wateja. Siku moja akaona viduara vya kijani vinang'aa kwa jiwe lililoshika tumbawe, ndani ya maji. Akajua ameangusha ndengu. Aibu ikamshika. Mwongeli kutoka tu, mama akaingiza mkono akazitoa, zingine zikimpasukia vidoleni.

Baada ya wiki chache zilikuwa zimejaa jiwe lote, zimelibana tumbawe hadi likajifunga.

"Mwaitu, mama yangu, ulimwaga ndengu kwa samaki wangu?"

"Zilianguka kidogo, nikatoa. Lakini ndengu za Nuu huwa hazibembelezwi, zinaota popote."

Mwongeli akatoa moja na kijiko, akaiweka kwa sahani na ndengu ya ukweli. Ndengu ilikuwa na kale kajicho keupe. Ile ingine haikuwa nako. Akaidunga na pini. Maji yakaruka, ikabaki ngozi tupu.

"Hiyo hata ukipika utakunywa supu tu," Ndululu akasema.

Mwongeli akalinganisha picha kwa simu mpaka akaipata: mwani wa mapovu. Kila povu ni seli moja, kubwa hivyo. Na ukiipasulia ndani ya tangi, inaweza kumwaga watoto wake kila mahali.

Ndululu akaangalia vidole vyake. "Kumbe nilikuwa napanda."

Muuza chumvi wa Mombasa alimwambia Mwongeli atupe jiwe. Lakini tumbawe limeshikana na hilo jiwe, ukitupa moja umetupa yote. Akakataa. Akaliweka jiwe kwa beseni yenye maji ya tangi, akachukua sindano yake ya krosheti, ile ya kusukia, akaanza kung'oa povu moja moja kutoka chini bila kupasua. Ni vile vidole vyake vinavyogawanya nywele laini za mtoto.

"Na kichwa yangu?" mteja wake Wavinya akauliza, nusu amesukwa.

"Kichwa haiozi. Ngoja."

Ndululu akavuta stuli. "Sogeza beseni, mwana wakwa. Nimechambua ndengu maisha yangu yote. Hakuna itanipita."

Wakawa wanarudia kila zikichipuka, mmoja anaonyesha, mwingine anang'oa, mpaka jiwe likabaki safi na tumbawe likafunguka.

Kama unajua mtu ako na tangi ya samaki, mtumie hii kabla hajafinya kitu.