Kibuyu Ambacho Mellen Hakukitoa

Nilidhani Mellen alikificha kibuyu kwa sababu alikuwa na hatia. Niliishi na dhana hiyo miaka sita, na shahada yangu ya ualimu haikunisaidia kitu.

Mwaka 1992 mjini Kericho, hapakuwa na meza iliyokutanisha watu kama yake. Mellen, Mgusii aliyezaliwa katika nyumba za wachuma chai, alikuwa na hoteli ya mabati nyuma ya soko. Madereva wa malori walifuata matumbo, wachuma chai walifuata omena, dagaa wa ziwani, na sisi Wakipsigis tulifuata ugali wa wimbi na mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu.

Kisha vita vya makabila vikazuka, na watu wakaanza kuuliza kila sahani ni ya kabila gani. Uvumi ukaenea kwamba Mellen alitia maziwa masizi ya sufuria ili yafanane na mursik. Upuuzi mtupu! Lakini walioueneza walikuwa wameyanywa maziwa hayo jana yake.

Siku ya soko, tukila kwake, akaingia Kipkurui, kijana wa Sigowet, na wenzake. Akalinyakua jagi la mursik mezani.

“Mama, hii mursik umetoa wapi?”

“Kwa ng'ombe. Kwani kwenu hutoka kwa kuku?”

Tulicheka. Yeye hakucheka.

“Wacha mchezo. Toa kibuyu tuone.”

Kwetu kila mama hupamba kifuniko cha kibuyu chake kwa shanga za mpango wake mwenyewe. Wa nyumbani kwake hukitambua hata gizani. Cha Mellen kilikuwa chini ya meza, ndani ya gunia. Niliiona shingo yake. Kukitoa tu kungeuzima uvumi.

“Sina,” alisema, akalivuta gunia chini ya sketi yake.

Kumvuta mwanamke wa umri wa mamake kungemwaibisha hata Kipkurui. Badala yake akaimwaga mursik sakafuni, ikaturukia viatuni.

“Jioni tusikupate hapa. Rudi kwenu!”

“Kwetu ni hapa,” Mellen alijibu.

Karani wa kiwanda, mzee wa kanisa, mimi mwalimu, wanaume wazima tuliomwita “mama yetu” kila tuliposhikwa na njaa, tulitazama sahani. Mmoja alipangusa mchuzi wake wote kwa tonge la mwisho ndipo akatoka. Mkono ule ungali unanichemsha damu, ingawa sina hakika kama wangu ulikuwa bora. Jioni hoteli ilikuwa imefungwa, na haikufunguliwa tena.

Mwaka 1998 nilimkuta Mellen katika soko la Keroka, huko Ugusii, akiuza ndizi.

“Mwalimu, bado una njaa tu?”

Nilimwuliza kwa nini hakukitoa kibuyu. Akazipanga ndizi zake upya kabla ya kujibu.

“Sasa mwenye kibuyu amekufa, naweza kusema. Siku zile mwanamke wa kwenu akijulikana ananiuzia maziwa, wangemchomea nyumba. Na yule kijana aliyemwaga mursik angezijua shanga.”

“Za nani?”

“Za Chepngeno. Mama yake mzazi.”